Kumuwahi Mzazi: Mwongozo Kamili wa Safari ya Dharura Kwenda Ng'ambo

Ukipigiwa simu ukaambiwa mama au baba amezidiwa, na wewe uko nchi nyingine, kichwa huwa hakifanyi kazi sawasawa. Wapo wanaokimbilia tiketi dakika ileile, kisha wakakwama uwanja wa ndege kwa sababu ya viza. Wapo pia wanaosema "tuone kesho itakuwaje", na kesho ikawa imechelewa. Msimamo wangu nautoa mapema: ukiwa na shaka, nenda. Mzazi akipona baada ya wewe kufika, umekwenda kumuuguza, na hakuna hasara hapo. Lakini nenda kwa mpangilio. Saa mbili za kwanza ukizitumia vizuri zitakuokolea siku mbili huko mbele.

Kabla ya lolote, tafuta mtu mmoja wa kukusaidia, awe ndugu, rafiki au jirani. Wewe ushughulike na hospitali na hati, yeye aangalie ndege. Mtu mwenye machozi machoni hukosea tarehe.

HATUA YA 1: ZUNGUMZA NA ANAYEMTIBU, SI NA NDUGU PEKE YAKE

Habari za ndugu huja zimepindwa na huruma. Mmoja atakwambia "anaendelea vizuri kidogo" ili usipate presha. Mwingine atalia tu hata usielewe kimetokea nini. Omba kuzungumza na daktari au muuguzi wa zamu. Hospitali nyingi hazitoi taarifa za mgonjwa kwa simu ya mtu zisiyemjua, kwa hiyo njia rahisi ni ndugu aliye wodini ampe daktari simu yake mkononi. Mzazi akiwa na fahamu, aseme mwenyewe kwamba ameruhusu uelezwe, na jina lako liandikwe kwenye faili lake.

Andika maswali kabla ya kupiga. Maisha yake yako hatarini sasa hivi? Ana fahamu, anazungumza? Kuna upasuaji uliopangwa, na ni lini? Mnategemea hali ibadilike ndani ya saa, siku au wiki? Kisha malizia na hili: "Daktari, huyu angekuwa mzazi wako, ungesafiri leo?" Madaktari hawapendi kutabiri, na wana haki, lakini swali hilo wengi hulijibu. Akikuambia "ningekuja leo", funga mjadala.

Jambo jingine la kuuliza ni kama wanafikiria kumwekea mashine ya kupumulia. Mgonjwa akiwekewa mirija hiyo kwa kawaida hupewa dawa za usingizi na hawezi kusema. Omba upigiwe simu ya video kabla hawajaanza, hata kwa dakika mbili. Wengi hawajui kwamba hili linaweza kuombwa.

Simu hiyohiyo itumie kuomba barua ya daktari. Barua hii ndiyo ufunguo wa karibu kila mlango utakaobisha: ubalozi, uhamiaji, kazini, shirika la ndege. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, na iwe na jina kamili la mgonjwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe aliyolazwa, ugonjwa wake kwa kifupi, maneno yanayosema wazi kwamba hali ni ya hatari, jina lako na uhusiano wenu, jina na sahihi ya daktari, muhuri, na namba ya simu ambayo ofisa anaweza kupiga kuthibitisha. Barua inayosema tu "mgonjwa amelazwa" haitakusaidia. Ndugu aipige picha vizuri, ukurasa mzima, akutumie mara moja. Yenyewe halisi aitunze.

Pamoja nayo tafuta cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mzazi. Kama ulibadili jina ulipoolewa, ongeza cheti cha ndoa, maana ofisa akikuta majina mawili tofauti atauliza uhusiano uko wapi. Nyaraka zikiwa katika lugha ambayo ubalozi hauitumii, zitahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na kazi hiyo ianze siku hiyohiyo.

HATUA YA 2: UKITOKA, UTAWEZA KURUDI?

Hapa ndipo watu huumia zaidi. Naomba hatua hii usiiruke hata kama moyo unakusukuma uende. Kuwa na haki ya kuishi nchi fulani si sawa na kuwa na haki ya kuingia tena.

Kama una maombi ya ukaazi ambayo hayajajibiwa, simama kwanza. Marekani, mtu aliyeomba kadi ya kijani akiwa ndani ya nchi kwa fomu I-485 na akaondoka bila kibali cha kusafiri na kurejea, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameyaacha maombi yake. Wachache wenye aina fulani za viza za kazi, kama H-1B na L-1, ndio walio na nafuu. Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131, na kwa dharura ya kweli, kama mzazi mahututi, unaweza kuomba kuonwa ana kwa ana katika ofisi ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ukiwa na barua ya daktari. Uingereza, ukiwa umeomba kuongezewa muda wa kukaa na ukatoka nje ya eneo la pamoja la usafiri la Uingereza na Ireland kabla ya jibu, maombi yako yanahesabiwa umeyaondoa siku uliyotoka. Maofisa hawana hiari kubwa katika hilo, kanuni imeandikwa hivyo.

Ambao tayari wana ukaazi wa kudumu, hatari yao ni muda. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani akikaa nje zaidi ya miezi sita huanza kuulizwa maswali na anaweza kukatiza muda anaouhesabu kuelekea uraia. Akipitisha mwaka bila kibali maalumu cha kurejea, kadi peke yake haitoshi kumrudisha. Kibali hicho huombwa ukiwa bado ndani ya nchi, kwa hiyo kama ugonjwa unaelekea kuwa wa muda mrefu, fikiria kabla ya kupanda ndege. Uingereza, ukaazi usio na kikomo kwa kawaida hupotea ukikaa nje kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Wanafunzi Marekani wahakikishe fomu ya I-20 waliyopewa na chuo ina sahihi ya safari isiyopitisha mwaka mmoja, na waangalie viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Viza iliyokwisha haikuzuii kuendelea kusoma, lakini ukishatoka itakubidi uombe nyingine ubalozini kabla ya kurudi, na foleni huko inaweza kuwa ya wiki nyingi.

Wafanyakazi walioko nchi za Ghuba wana maswali yao. Saudi Arabia inadai viza ya kutoka na kurejea. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wengi nafasi ya kuiomba bila kusubiri ridhaa ya mwajiri, lakini wafanyakazi wa majumbani hawakujumuishwa. Qatar iliondoa kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi 2018 na kwa wa majumbani 2020, ingawa hawa wa majumbani wanatakiwa kumjulisha mwajiri saa 72 kabla. Mwajiri akiishikilia pasipoti yako, anavunja sheria ya nchi hizo zote mbili. Piga simu ubalozi wa nchi yako mapema, usingoje siku ya safari.

Nakuja kwa wakimbizi. Hati ya kusafiria inayotolewa chini ya Mkataba wa 1951 mara nyingi hairuhusu kwenda nchi uliyoikimbia, na safari ya huko inaweza kuonekana kama umerudi chini ya ulinzi wa serikali ileile. Hata hivyo kitabu cha mwongozo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, katika aya ya 125, kinasema kila safari ipimwe peke yake, na kwamba kumtembelea mzazi mzee au mgonjwa hakulingani na kwenda mapumziko au biashara. Hoja hiyo ipo na ina uzito, lakini usiitegemee bila wakili. Zungumza naye kwanza, ndipo uamue. Na kabisa usitumie pasipoti ya nchi uliyoikimbia.

Kama huna hakika ya hali yako, mpigie wakili wa uhamiaji leo. Ushauri wa nusu saa unaweza kukuokolea miaka.

HATUA YA 3: PASIPOTI NA VIZA

Fungua pasipoti uangalie tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hudai iwe na angalau miezi sita mbele. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, hudai miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka huko, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Angalia pia kama kuna kurasa tupu.

Ikiwa imekwisha au imepotea, omba huduma ya dharura. Marekani ina utaratibu unaohusu hasa ugonjwa wa kutishia maisha au kifo cha ndugu wa karibu, na mzazi yumo: unatakiwa uwe unasafiri ndani ya siku 14 na uwe na barua ya hospitali, halafu unapewa miadi. Kama uko nje ya nchi ya uraia wako, ubalozi wako unaweza kutoa hati ya dharura ya safari moja. Uliza mambo mawili kabla ya kuichukua: nchi utakayopitia inaikubali, na utarudije ulikotoka, kwa sababu hati nyingi za aina hii huishia kule unakokwenda. Wenye uraia wa nchi mbili wabebe pasipoti zote mbili.

Viza ikihitajika, jaza fomu kwanza na ulipe, ndipo uombe kuharakishiwa. Watu hupoteza siku nzima wakituma baruapepe za kuomba huruma ilhali hawana hata namba ya maombi. Ubalozi wa Marekani, kwa mfano, hupokea ombi la miadi ya dharura baada ya kujaza fomu ya viza ya DS-160, kulipa ada na kuchukua miadi ya kawaida, hata iwe ya miezi sita ijayo. Kwa Schengen, muda wa kawaida wa uamuzi ni siku 15 na unaweza kufika 45, lakini Kanuni ya Viza, namba 810/2009, inaruhusu maombi ya dharura yenye sababu yaamuliwe bila kuchelewa. Itaje kwa jina katika barua yako. Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 haisamehewi kwa kuwa una haraka, ila inanunuliwa mtandaoni kwa dakika chache.

Barua yako ya maombi iwe fupi. Sema nani anaumwa, wapi, hali gani, unaondoka lini, unarudi lini, na kitu gani kinakurudisha: kazi, masomo, watoto. Usiongeze chumvi. Ofisa akipiga simu hospitali akakuta maelezo tofauti na yako, umejifungia mlango mwenyewe.

Nchi unazopitia nazo zina masharti yao. Marekani haina njia ya kuunganisha ndege bila kuingia rasmi, kwa hiyo hata saa mbili za kubadilisha ndege zinadai viza au idhini. Uingereza inadai viza ya kupita kwa raia wa nchi kadhaa hata kama hawatoki eneo la abiria. Wakati mwingine tiketi inayopita njia ndefu isiyo na viza ndiyo itakayokufikisha mapema.

Cheti cha homa ya manjano kisisahaulike. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kama hujawahi kuchanjwa na siku 10 hazipo, uliza ubalozi wa nchi unakokwenda watakupokeaje kabla hujafika mlangoni kwao.

HATUA YA 4: TIKETI

Tafuta bei mtandaoni, lakini nunua moja kwa moja kwa shirika la ndege au kwa wakala unayeweza kumpigia simu akapokea. Safari ya mzazi mgonjwa hubadilika. Ukiwa umenunua kwa tovuti ya mtu wa tatu, shirika litakwambia urudi kwa muuzaji, na muuzaji hapatikani.

Piga simu uulize kama wana nauli ya dharura ya familia. Air Canada na Delta ni miongoni mwa yaliyo nayo, na hushughulikiwa kwa simu. Mara nyingine nauli hiyo si ya chini kuliko ya mtandaoni; faida yake ni urahisi wa kubadilisha tarehe, na kwako hicho ndicho chenye thamani. Kama una pointi za safari, au ndugu anazo, ziulizie pia.

Nunua tiketi ya kwenda na kurudi inayoruhusu kubadilisha tarehe ya kurudi. Viza nyingi zinaihitaji, na mara nyingi hugharimu pungufu ya tiketi mbili za upande mmoja. Kumbuka kwamba ukiikosa safari ya kwanza bila kuwaarifu, kurudi kwako nako hufutwa.

Usitegemee sheria ya Marekani ya kurudishiwa fedha ndani ya saa 24. Inahusu tiketi iliyonunuliwa siku saba au zaidi kabla ya safari, na yako ni ya kesho. Hakikisha kila herufi kabla ya kulipa. Mimi niliwahi kuandika jina ninaloitwa nyumbani badala ya lile la kwenye pasipoti, na nikatumia asubuhi nzima, mzazi akiwa wodini, nikilirekebisha.

Angalia saa kwa makini. Ndege ya 00:30 ya tarehe 12 ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Unakwenda uwanjani jioni ya tarehe 11. Watu wengi wamefika saa 24 baada ya ndege yao kuondoka kwa kosa hili.

Ukiunganisha ndege, zote ziwe kwenye tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo lenye wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, hasara ni yako, na huenda ukalazimika kuingia nchi ya katikati kuchukua mizigo yako.

HATUA YA 5: KAZI, WATOTO, FEDHA

Mwajiri mweleze kwa simu, kisha thibitisha kwa maandishi siku hiyohiyo. Sheria inaweza kukulinda. Marekani, sheria ya ruhusa ya familia na matibabu (FMLA) ya 1993 inatoa hadi wiki 12 bila malipo kumuuguza mzazi, kama umefanya kazi mwaka mmoja na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Uingereza kuna ruhusa ya dharura kwa ajili ya wanaokutegemea, na tangu Aprili 2024 wiki moja kwa mwaka ya kumhudumia mgonjwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kutoa angalau siku tano kwa mwaka.

Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua ya ridhaa iliyothibitishwa kisheria na cheti cha kuzaliwa. Mjamzito aliyepita wiki 28 aulize shirika kuhusu cheti cha daktari.

Iarifu benki yako. Na laini yako ya simu usiizime: namba za siri za benki zitatumwa huko, na bila hizo unaweza kushindwa kulipa hata dawa. Ukibeba fedha taslimu zinazofika yuro 10,000 kwa Ulaya, au zaidi ya dola 10,000 kwa Marekani, lazima uzitangaze. Bima ya safari jinunulie wewe kwa matibabu yako, lakini usitarajie ikulipe kwa safari iliyoharibika kwa sababu ya mzazi ambaye tayari alikuwa mgonjwa.

HATUA YA 6: BEGI

Begi la mkononi liwe na kila kitu usichoweza kukikosa: pasipoti, barua ya daktari, vyeti, dawa zako, chaja, miwani, nguo za siku mbili. Betri za akiba za simu haziruhusiwi kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Weka na nguo moja ya heshima. Inauma kuifikiria, lakini utashukuru kutolazimika kuitafuta madukani.

HATUA YA 7: UKIFIKA

Kabla ya kuondoka uwanjani piga simu wodini uulize saa za kuingia. Chumba cha wagonjwa mahututi kina masharti yake, na ukiwa na mafua au homa sema ukweli, kwani unachokiona kidogo kinaweza kummaliza mgonjwa. Mwombe muuguzi akueleze utakachokiona: mirija, mashine, uso uliovimba. Ukijiandaa, hutaanguka mbele yake.

Hata kama hajibu, zungumza naye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walionyesha mwaka 2020 kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa walio karibu kufa, wasioitikia chochote, bado ulipokea sauti. Jitambulishe kwa jina, mwambie umefika, mshike mkono.

Kisha mgeukie ndugu aliyekuwa akimuuguza. Yeye ndiye aliyekesha. Usianze kwa kuuliza kwa nini hawakumhamisha hospitali. Mwambie akalale, wewe ukae usiku huo. Siku inayofuata mkubaliane nani azungumze na madaktari kwa niaba ya wote, ili taarifa isitoke kwa midomo mitano.

Mzazi akiwa na akili timamu, uliza kwa upole kuhusu mambo yake: nani amsimamie akishindwa kuamua, hati ziko wapi, anataka tiba ifike wapi. Hati ya kumpa mtu mamlaka ya kisheria ina nguvu tu kama ameitia sahihi akiwa anaelewa. Ikitakiwa kutumika nchi nyingine, kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, hugongwa muhuri wa apostili, unaothibitisha sahihi na muhuri wa hati, na si lazima izunguke balozi kadhaa.

KAMA HUWEZI KWENDA

Wapo ambao hatua ya pili itawafungia njia, na hilo si kosa lao. Omba ndugu aweke simu karibu na sikio la mzazi, saa ileile kila siku. Rekodi sauti yako ili ichezwe ukiwa kazini. Beba sehemu ya gharama, fuatilia majibu ya vipimo, mtafute mtaalamu wa kutoa maoni ya pili. Mwambie mzazi mwenyewe, kwa mdomo wako, sababu ya kutokuja. Asiisikie kwa mwingine.

SIKU YA KURUDI

Viza yako ikikaribia kwisha na hali bado ni mbaya, omba kuongezewa muda kabla ya tarehe, na ubaki na risiti. Siku moja ya kuzidisha inaweza kukunyima safari inayofuata, na huenda ukaihitaji.

Usimdanganye mzazi kwamba utarudi kesho. Mwambie tarehe unayoondoka na lini utapiga simu. Hakikisha jina lako limebaki kwenye faili lake, acha nakala za hati zako kwa ndugu mmoja, kisha mtafute yule daktari umuulize, ukiwa umesimama mbele yake safari hii, kama yeye angeondoka leo.